Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Nilipokuwa kidato cha pili nilikusudia kuacha Fizikia, kwa kuwa hesabu zake zilinishinda. Mwalimu wetu hakunikaripia. Alinipa kitabu cha maisha ya mtu mmoja, akaniambia nikisome kwanza ndipo niamue. Mtu huyo ni Michael Faraday. Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari zake, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme tunaotumia, uwe wa nishati inayokwisha au isiyokwisha, hutufikia kwa njia aliyoifungua yeye.

Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, tena mwenye afya mbaya. Shuleni Faraday alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipotimia miaka 14 alitiwa kazini kwa fundi wa kujalidi vitabu. Lakini yeye hakuvishona tu. Alivisoma pia, na kwa senti zake chache akafanya majaribio.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri wa kemia. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora na picha, akajalidi kitabu kwa mkono wake na kumpelekea Davy, akiomba kazi. Mwaka uliofuata akapata kazi ya msaidizi wa maabara katika Royal Institution. Huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote.

Wakati ule ilikwisha kujulikana kwamba umeme huweza kufanya sumaku. Faraday akataka kujua kama sumaku nayo yaweza kufanya umeme. Swali hilo lilimsumbua miaka mingi. Mwaka 1831 alizungusha waya wa shaba mara nyingi, akasukuma sumaku ndani yake. Sindano ya kipimo ikacheza. Sumaku ilipotulia, sindano ikarudi mahali pake. Alipoivuta nje, ikacheza upande wa pili. Kumbe siri ni mwendo! Mwaka huo huo alizungusha kisahani cha shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme wa mfululizo. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza.

Tazameni dainamo ya baiskeli: gurudumu huzunguka, taa ikawaka. Mitambo mikubwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Ubungo, Dar es Salaam, mitambo ilianza kuzungushwa kwa gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Katika bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, huzungushwa na maji, na uwezo wake ni megawati 2,115. Tofauti ni hii: gesi ilichukua mamilioni ya miaka kufanyika, na ikichomwa hairudi. Maji hurudi na mvua, ingawa ukame huyapunguza. Paneli za jua hazihitaji kuzungusha kitu. Faraday alituonyesha mtambo. Kuchagua kitakachouzungusha ni juu yetu.

Hesabu zilimpiga chenga hadi mwisho. Mawazo yake aliyaeleza kwa michoro na maneno, na baadaye James Clerk Maxwell akayaweka katika hesabu. Faraday alikataa kuwa rais wa Royal Society, lakini hakuchoka kuwafundisha vijana sayansi wakati wa Krismasi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Mimi sikuacha Fizikia. Hesabu bado hunitoa jasho, na mtihani wa taifa u mlangoni. Lakini sasa najua kwamba asiyejua hesabu nyingi bado anaweza kutazama kwa makini, kuuliza na kujaribu tena. Ndugu zangu wa kidato cha pili mnaotaka kuikimbia Fizikia, mkumbukeni mtoto wa mhunzi kabla hamjaamua.