Mutisya Munge: Mchonga miko aliyewafungulia Wakamba njia ya vinyago

NI nadra kwa mtalii anayeondoka Kenya na kinyago cha twiga mkobani kulisikia jina la Mutisya Munge. Hata sisi wenyewe husema tu kwamba Wakamba ni mafundi wa kuchonga, kana kwamba walizaliwa na tezo mkononi. Lakini biashara hii ina mwanzo unaojulikana. Iliasisiwa na mtu mmoja wa Wamunyu, kando ya barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kuzuka mwaka wa 1914, Munge alikuwa tayari na sifa kwao kama mchongaji stadi. Hata hivyo, sanamu hakuzijua. Ukambani wakati huo mti ulichongwa ili utumike: mizinga ya nyuki, miko na vijiko, fimbo na rungu za wazee, tabakero za ugoro, pamoja na vile vigoda vya miguu mitatu ambavyo mzee aliandamana navyo kila aendako. Kuchonga kitu cha kutazamwa tu na kuwekwa pembeni hakukuwa na maana kwa yeyote.

Anayeudharau mwiko bila shaka hajapata kujaribu kuuchonga. Mwanafunzi huanza kwa kukosea hata kabla ya kushika tezo, kwa sababu huchagua mti mkavu akidhani ndio ulio imara. Mti mbichi ndio unaokubali makali. Gogo hupasuliwa kufuata nyuzi zake, na kiini cha katikati hutupwa, kwani kikiachwa ndani ya mwiko utapasuka ukikauka. Kisha tezo hutoa umbo la nje kwa mapigo mafupi, nusu ya kazi ikifanywa na macho.

Kosa la pili la mwanafunzi ni haraka. Huupunguza mwiko hadi ukawa mwembamba na kupendeza, halafu ndipo anapokumbuka kuchimba shimo la kuchotea. Wakati huo hakuna tena mti wa kushikilia, na pigo moja linautoboa. Fundi hulichimba shimo kwanza, mti ungali mnene, kisha huifuata sura ya ndani anapoupunguza upande wa nje. Anajua pia kwamba nyuzi hubadili mwelekeo pale shingo inapokutana na kichwa cha mwiko, hivyo yampasa kugeuza mkono na kukata kutoka upande wa pili. Asipogeuza, mti humeguka. Mwiko uliokwisha hukaushwa kivulini polepole, ndipo ukasuguliwa hadi ukalainika.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo Munge mkononi vita vilipomfikisha katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani huko, na maelfu kwa maelfu ya Waafrika kutoka Kenya walichukuliwa kuhudumu, wengi wao wakiwa wapagazi wa mizigo. Jina la Kariokor mjini Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kurejea nyumbani salama kulikuwa bahati, seuze kurejea na ujuzi.

Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza mnamo Septemba 1916. Viunga vya mji huo ni nchi ya Wazaramo, watu ambao tangu zamani walikuwa na desturi ya kuchonga sanamu ndogo iitwayo mwana hiti, aliyokaa nayo mwali alipowekwa ndani. Simulizi za mitaani hupenda kudai kwamba Munge alifunzwa na Wamakonde, pengine kwa kuwa umaarufu wao wa leo unawafunika wengine. Hata hivyo, mwanauchumi Walter Elkan, aliyeichunguza biashara hii na kuandika juu yake mwaka wa 1958, aliwataja Wazaramo.

Ninavyoona mimi, hapo ndipo penye uzito wa maisha yake. Mtu mzima aliyesifiwa kwao alirudi kuwa mwanafunzi ugenini, tena wakati wa vita. Tezo ilikuwa ile ile, na kanuni ya nyuzi za mti ilikuwa ile ile. Lililokuwa geni ni kwamba mwiko unajulikana sura yake hata gizani, ilhali sura ya mtu au ya mnyama lazima mchongaji aione ndani ya gogo kabla ya pigo la kwanza.

Vita vilipokwisha alirejea Wamunyu na kuanza kuchonga vinyago, akagundua kwamba Wazungu walikuwa tayari kuvilipia. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliuficha ujuzi huo, ukabaki ndani ya jamaa yake. Wapo watakaomlaumu kwa uchoyo. Lakini tukumbuke kwamba mkoloni alidai kodi kwa fedha taslimu, na Ukambani ni nchi ya ukame ambamo mvua ikikosa hakuna cha kuuza. Aliyekuwa na kisima chake asingekosa sababu ya kukifunika.

Siri ya aina hiyo haikai. Kijijini mlio wa tezo husikika, na vibanzi havifichiki. Majirani walijifunza, na baada ya Munge kufariki kazi hiyo ikaenea Wamunyu nzima na kuvuka mipaka yake. Vita Vikuu vya Pili vilileta Kenya wanajeshi wengi wa kigeni waliotaka kumbukumbu za kwenda nazo kwao, na kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikisafirishwa hadi Marekani. Wachongaji walihamia Gikomba jijini Nairobi na Changamwe mjini Mombasa, wakaunda vyama vya ushirika.

Ufanisi huo ulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeihesabu mapema. Mpingo na muhugu ni miti ikuayo polepole mno, nayo ilikatwa kuliko ilivyoweza kuota. Kuanzia miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ikuayo upesi. Wazee wengine walinung'unika, na si bila sababu, maana mkono uliozoea uzito wa mpingo huuona mwarobaini kama mti wa watoto.

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa sana katika maduka ya watalii ni jozi ya vijiko vya saladi. Huko chini ni kijiko kama alivyokichonga Munge kabla ya safari yake, chenye shimo lililochimbwa mti ungali mnene. Juu, mpini unaishia kwa kichwa cha twiga.