Sidi Mubarak Bombay: Mpima mizigo na siku katika njia ya Tabora

MAJINA ya Burton, Speke, Stanley na Cameron yamo katika kila kitabu cha historia ya Afrika Mashariki. Ni wachache wanaokumbuka kuwa wote wanne walifika Tabora wakiwa na msaidizi mmoja, Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao, aliyezaliwa takribani mwaka 1820 karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarejea na kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar. Burton na Speke walimwajiri mwaka 1857.

Njia yenyewe haikuhitaji kugunduliwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kutoka pwani hadi Tabora, ambayo wageni hao waliiita Kazeh, kabla ya Mzungu yeyote kuipita. Ugumu ulikuwa katika hesabu ya uzito na siku.

Kwa kawaida mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndani ya mizigo mlikuwa na merikani, kaniki, shanga na nyaya, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za kununulia chakula na kulipia hongo kwa watemi wa Ugogo. Mzigo ulipozidi, wapagazi waliugua au kutoroka usiku. Ulipopungua, msafara ulikosa cha kulipa. Na wapagazi walipoongezwa ili kugawana uzito, waliohitaji kulishwa nao waliongezeka.

Urefu wa mwendo nao ulipimwa. Siku za kawaida safari ilianza alfajiri na kukoma kabla jua halijawa kali. Katika Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, ilibidi kufanya terekeza: kuondoka mchana, kulala bila maji na kuyafikia kesho yake. Aliyekosea hesabu hapo alipoteza watu.

Safari ya kwanza ilitoa ushahidi. Msafara mzito wa Burton ulitumia siku 134 kufika Tabora, Novemba 7, 1857, kwa mwendo wa takribani kilomita 960. Julai 9, 1858, Burton alibaki Tabora, Speke akaondoka na Bombay kuelekea kaskazini wakiwa na watu wachache na bidhaa za majuma machache tu. Agosti 3 walikuwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, baada ya siku 25 na takribani kilomita 360. Wastani wao kwa siku ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa awali. Hata hivyo, wepesi huo uliwezekana kwa sababu shehena kubwa ilibaki Tabora.

Mwaka 1871 Stanley aliugawa msafara wake katika makundi matano, akamweka Bombay kuwa mkuu wa askari. Walifika Tabora katika muda wa takribani miezi mitatu. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu vilipofunga njia ya Ujiji, walipunguza watu na kuzunguka kusini.

Bombay hakuheshimiwa siku zote. Speke alimpiga ngumi, na Stanley naye alimchapa. Pamoja na hayo, alifika Misri na Speke mwaka 1863, na pwani ya Atlantiki na Cameron mwaka 1875, akiwa miongoni mwa Waafrika waliotembea zaidi barani katika karne hiyo.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha na pensheni. Alifariki dunia mwaka 1885.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mzigo ukahama kutoka begani kwa mpagazi kwenda kwenye behewa, na ujuzi aliokuwa nao Bombay ukakosa wa kuurithi.