Siti Hakuanza na Mtaji

Mama alipoachika nilikuwa kidato cha pili. Majirani walisema kwisha habari yake. Nimemwelewa vizuri baada ya kusoma maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika familia maskini, akaitwa Mtumwa. Shule hakwenda. Alitembeza vyungu kwa miguu hadi mjini, akinadi kwa sauti. Aliolewa, akazaa binti, akaachika. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Mtaji hakuwa nao, ila sauti ile ile ya kunadia vyungu alikuwa nayo. Akafundishwa kuimba taarabu, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Alifariki 1950, jina lake likiwa kubwa pwani nzima.

Mama naye alianza na alichokijua: maandazi. Alikuwa na daftari moja, upande huu kilichoingia, upande ule kilichotoka. Faida ya kwanza hakununulia kitenge, alinunulia unga.

Leo nasomea ualimu. Bumu likichelewa, wenzangu, sikai kulalamika tu. Nafungua daftari, najiuliza: mimi najua nini?