Karl Guthe Jansky: Mtu Aliyegeuka Kipimo

Karl Guthe Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 huko Norman, Oklahoma, nchini Marekani. Alihitimu shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1927, na mwaka 1928 aliajiriwa na Maabara za Simu za Bell. Kazi aliyopewa haikuhusu nyota: alitakiwa kuchunguza chanzo cha mikwaruzo iliyovuruga simu za redio zilizovuka Bahari ya Atlantiki.

Huko Holmdel, New Jersey, alijenga antena kubwa iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikipokea mawimbi yenye urefu wa meta 14.6. Alibainisha aina tatu za mikwaruzo: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mvumo hafifu usiojulikana asili yake. Awali alidhani kuwa mvumo huo ulitoka kwenye jua. Hata hivyo, kilele chake kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao nyota, wala si jua, hurejea mahali pake angani. Mwaka 1933 alitangaza kuwa chanzo kilikuwa upande wa kundinyota la Kausi, kwenye kitovu cha galaksi yetu.

Mwajiri alikwisha kupata jibu alilolihitaji; Jansky akahamishiwa kazi nyingine. Wanafalaki wengi nao hawakuutilia maanani ugunduzi wa mhandisi. Alifariki tarehe 14 Februari 1950, akiwa na umri wa miaka 44, kabla elimu aliyoiasisi haijashamiri.

Heshima ilikuja mwaka 1973, jina lake lilipopewa kipimo cha nguvu ya mawimbi yatokayo angani. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilipima anga kwa miale ya infraredi, na mwaka 1985 ikadhihirika kwamba galaksi zinazong'aa sana kwa miale hiyo hutoa pia mawimbi ya redio kwa uwiano unaokaribia kuwa mmoja. Nyota kubwa changa hupasha vumbi joto, nalo hutoa infraredi. Zinapolipuka, elektroni huvurumishwa katika uga wa sumaku na kutoa redio. Pande zote mbili za uwiano huo hupimwa kwa janski.

Kiisimu, nomino ya pekee imegeuka nomino ya kawaida, kama ilivyokuwa kwa wati na volti. Jansky wa ngeli ya A-WA alisahauliwa; janski ya ngeli ya I-ZI inatajwa kila siku.