Maisha ya Charles Goodyear: Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Mara nyingi kisa cha Charles Goodyear hufundishwa kwa sentensi moja: mpira uliochanganywa na salfa uligusa jiko la moto, na mpira imara ukapatikana. Kikielezwa hivyo, mwanafunzi hudhani kwamba sayansi ni bahati nasibu. Hapana budi tuyatazame maisha yake kwa marefu zaidi.

Goodyear alizaliwa New Haven, Marekani, tarehe 29 Desemba, 1800. Biashara yake ya vyombo vya chuma ilifilisika, naye akafungwa kwa sababu ya madeni. Mwaka 1834 alianza kushughulika na mpira, yaani utomvu wa mti uliogandishwa. Bidhaa za mpira za siku hizo zilinata na kunuka wakati wa joto, zikakakamaa wakati wa baridi.

Kwanza alichanganya mpira na unga wa magnesia, akitumaini kwamba unga mkavu ungeondoa ule unato. Mpira ukaonekana mzuri, lakini joto lilipofika ukanata tena. Kisha akauchemsha katika maji ya chokaa. Uso wake ukawa laini na mkavu, lakini tone la asidi hafifu liliurudisha katika hali yake ya kwanza. Alijaribu pia asidi ya nitriki, na mifuko ya posta aliyoitengenezea serikali ikaharibika kwa joto. Katika majaribio hayo, unga ulificha kasoro tu. Mpira wenyewe ulibaki ule ule.

Matumizi ya salfa aliyapata kwa Nathaniel Hayward. Mwaka 1839, huko Woburn, mchanganyiko wa mpira na salfa uligusa jiko la moto. Haukuyeyuka, bali uliungua kama ngozi. Na kando ya sehemu iliyoungua palikuwa na mpira usionata. Mtu mwingine angeutupa. Goodyear alikuwa ameuona mpira ukiyeyuka kwa miaka mitano, kwa hiyo alitambua mara moja kwamba hili lilikuwa jambo geni. Ilimchukua miaka mingine kupata kiasi cha moto kilichofaa. Hati yake ya haki ya uvumbuzi, ya tarehe 15 Juni, 1844, yataja sehemu 25 za mpira, 5 za salfa na 7 za unga mweupe wa risasi.

Leo twajua sababu. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli, na salfa ikipata moto huifunga minyororo hiyo pamoja. Katika karne ya 20 watengenezaji wa matairi waliongeza masizi. Chembe za masizi ni ndogo mno. Minyororo ya mpira hushikamana na uso wake, na mpira ulio karibu na chembe hutembea kwa shida kuliko ule ulio mbali. Ndiyo maana tairi halisagiki upesi. Unga wenye chembe kubwa hujaza nafasi tu, wala hauupi mpira nguvu hiyo.

Familia ya Goodyear iliteseka kwa umaskini katika miaka hiyo ya majaribio. Alifariki New York tarehe 1 Julai, 1860, akiacha deni la dola 200,000 hivi. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, nayo haikuwa ya jamaa zake.

Twashauri kisa hiki kifundishwe kwa vitu. Mwalimu alete kipande cha tairi kuukuu na kipande cha mpira wa kufungia karatasi. Wanafunzi wavivute, wavikunje na kuvisugua juu ya jiwe, kisha waandike walichokiona. Baadaye mwalimu asimulie magnesia na chokaa kabla hajafika kwenye jiko. Na jaribio la mwanafunzi likishindwa, asiamriwe kulifuta daftarini. Aulizwe ni kitu gani kilichobadilika, na ni kipi kilichobaki vile vile.