Salim bin Abakari: Mtumishi Aliyetembea Siberia

Hapa Mitunguu jua likiwaka, unatafuta kivuli cha migomba, unatoa simu. Unakutana na picha za matajiri kwenye meli ya kitalii huko Longyearbyen, bandari ya Aktiki ambako majira ya baridi jua halionekani kwa miezi. Unajiambia: hizo safari si zetu.

Ngoja kwanza nikupe story ya Salim bin Abakari.

Salim alikuwa Mkomoro, mtumishi wa Mjerumani mmoja, Theodor Bumiller. Usiidharau hiyo kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa kwenye msafara wa Hermann von Wissmann uliopeleka stima hadi Ziwa Nyasa. Meli nzima, msee! Ilifunguliwa vipande, ikapandishwa kwa mto Zambezi na Shire, na penye maporomoko watu wakabeba.

Mwaka wa 1896 Bumiller akaondoka naye Berlin kwenda Urusi. Walipita St Petersburg na Moscow, wakaingia Siberia hadi milima ya Altai, kisha wakashuka Samarkand na Bukhara. Aktiki yenyewe hawakufika, lakini kwa mtu wa visiwa vya joto, Siberia ilikuwa mwisho wa dunia. Watu walijazana kumtazama maana wengi hawakuwahi kuona mtu mweusi. Yeye naye akawatazama wao: wanakula nini, wanaishi vipi, wanaabudu vipi. Na mbali kote huko, akawakuta Waislamu wenzake.

Enzi hizo Wazungu ndio waliozunguka Afrika wakiandika habari zetu. Salim akaigeuza hiyo meza. Simulizi yake ikatoka kwa Kiswahili mwaka wa 1901, ndani ya kitabu Safari za Wasuaheli kilichokusanywa na Carl Velten.

Fikiria hapo. Nauli haikuwa yake. Njia hakuichagua. Lakini macho yalikuwa yake, na zaidi ya miaka 120 baadaye, tunamsoma yeye.

Mimi niliachia chuo katikati, nikapakia ndizi kwenye lori za Nairobi. Nilidhani huko si kusafiri, ni kutumwa tu. Salim pia alitumwa. Kwa hivyo bosi akikutuma mahali, nenda ukiwa macho. Na ukirudi, andika.