Denis Burkitt: Aliuacha Uhandisi, Akatuachia Ramani

Sisi wahandisi tunaokaa Handsworth huwa tunaelekezwa kanisa la St Mary's, alikozikwa James Watt wa injini za mvuke. Sawa. Lakini mimi leo nawaletea mtu aliyeanza uhandisi akauacha, na kazi yake kubwa akaifanyia kwetu.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Utotoni alipoteza jicho moja. Aliingia Trinity College, Dublin, kusoma uhandisi, kisha akahamia udaktari. Mwaka 1946 alikwenda Uganda, akaanzia Lira, halafu Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja, ana uvimbe uleule.

Akaanza kuuliza: unapatikana wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka wiki 10, kama kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali. Ramani yao ikaonyesha kwamba saratani ile inafuata joto na mvua, kama malaria.

Mwaka 1964 watafiti wa London walikiona kirusi cha Epstein-Barr kwenye seli za uvimbe uliotoka Uganda. Mwaka 1976 ikajulikana kwamba kipande cha kromosomu namba 8 huhamia kwenye namba 14.

Hapo ndipo sisi watu wa mitambo tunapoingia. Miaka hiyohiyo ya 1970 ilianza kutumika mashine ya kuchambua kromosomu, yaani saitometa ya mtiririko. Kromosomu hutiwa rangi inayong'aa, zikapita moja moja mbele ya leza. Mwanga hupima wingi wa DNA. Tone lililobeba kromosomu inayotakiwa hupewa chaji, na umeme hulivuta pembeni hadi kwenye chupa yake. Kromosomu iliyopoteza au kuongezewa kipande kikubwa hujulikana kwa mwanga wake.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Kabla ya hapo aliwahi kuona watoto Mulago wakipona kwa dawa, ugonjwa uliokuwa ukiwaua haraka.

Jamani, mashine ile ni ghali, na wengi wetu tutarudi mahali ambapo haipo. Burkitt naye hakuwa nayo. Alikuwa na gari bovu, daftari, na swali zuri. Tukirudi nyumbani, tusikae tukisubiri mashine ndipo tuanze kuuliza.